Mashine ya Vyombo Ikivuja, Jirani wa Chini Ndiye Alowaye

Kizingo ya leo si ile waliyoijua wazee wetu. Pale palipokuwa na nyumba moja ya bustani, yenye varanda pana na mwembe nyuma, pamesimama jumba refu la ghorofa, na ndani yake zimo familia nyingi zilizopangwa moja juu ya nyingine. Simama kando ya bahari katika ile barabara ya Mama Ngina, ambayo ufuo wake ulitengenezwa upya mwaka 2019, kisha geuza uso uelekee mjini. Utayaona majumba hayo yakizichungulia meli ziingiazo Kilindini, juu ya vichwa vya mibuyu.

Katika majiko ya majumba hayo kimeingia chombo ambacho bibi zetu wa Mji wa Kale hawakukijua, nacho ni mashine ya kuoshea vyombo. Baadhi ya watu walirudi nazo kutoka Dubai na Maskati, zimefungwa ndani ya kontena pamoja na makochi na mazulia. Wengine wamezinunua hapa hapa madukani. Maneno juu yake ni mengi: wako wasemao kuwa ni chombo cha wavivu, na wako waulizao kama vyombo vyatoka humo vikiwa tohara. Hili la pili si gumu. Makombo ya wali na mchuzi wa halali ni uchafu, si najisi. Na mashine humwaga maji machafu ikavuta mapya mara kadhaa kabla ya kumaliza kazi. Mwenye shaka zaidi na amwulize shehe wake, kwani mimi si mwanachuoni.

Nilitakalo leo ni jambo la chini zaidi, la sakafuni hasa. Nataka kuzungumza juu ya kuvuja.

Katika nyumba ya chini mashine ikivuja, maji hutambaa mpaka uani, yakapigwa na jua, yakaisha. Ghorofani hayana ua wa kwenda. Hupenya penye mwanya wa bomba, au kati ya kigae na kigae, yakashuka kwa jirani. Na jirani, kama tujuavyo, si mtu wa kufanyiwa mzaha. Mtume (S.A.W.) alisimulia kuwa Jibrili alimuusia juu ya jirani mfululizo, hata akadhani kuwa jirani atafanywa mrithi.

Kisa ninachokijua kimetokea Kizingo, katika nyumba ya binti wa shangazi yangu, ghorofa ya nne. Ghorofa ya tatu, chini yake kabisa, anakaa bi mkubwa mmoja mjane pamoja na wajukuu zake. Maji yalianza kama doa la chai katika dari ya chumba ambacho bi mkubwa amekitenga kwa sala. Doa likapanuka. Siku moja tone likaanguka juu ya mswala. Kwanza alimtuma mjukuu wake kusema. Mara ya pili alipanda ngazi mwenyewe, ingawa magoti yake hayamruhusu. Mara ya tatu hakusema na mtu. Alimpelekea habari msimamizi wa jumba. Ukafika mwezi wa Ramadhani, na ile sahani ya futari iliyozoea kupita ngazini kila jioni, leo mbaazi na mahamri kutoka juu, kesho viazi vya nazi kutoka chini, haikupita.

Huku juu nao hawakuwa wamekaa tu. Fundi aliitwa mara mbili, na mara zote mbili alibadilisha mpira wa mlango, akalipwa, akaenda zake. Doa likaendelea kukua. Mwishowe akasema mashine imekufa, inunuliwe nyingine. Msichana wa kazi naye akaanza kuiogopa, kwa kuwa alikuwa akiikausha sakafu usiku kabla ya kulala, na alfajiri akiikuta imelowa, ilhali mashine imezimwa ukutani. Akasema ina shetani.

Ndipo shangazi alipomkumbuka mzee mmoja, ami yetu wa mbali, aliyefanya kazi miaka mingi katika majiko ya meli. Alikuja baada ya sala ya Alasiri, na kurunzi mfukoni, bila sanduku la vifaa.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Haya, mashine yenu yavuja saa ngapi?"

Binamu yangu alicheka. "Saa ngapi vipi, ami? Yavuja tu."

"Hakuna kivujacho tu. Yavuja ikijaza maji? Ikiosha? Ikimwaga? Au yavuja ikiwa imelala?"

Hakuna aliyekuwa na jibu, na mpira wa mlango ulikuwa umekwisha badilishwa mara mbili.

SAA YA KUVUJA

Swali lile, wasomaji, lina thamani kuliko bisibisi zote za mjini. Mashine ya vyombo si pipa lililotoboka likawa lavuja mchana na usiku sawasawa. Hufanya kazi kwa zamu. Hufungua valvu ikavuta maji kutoka mferejini. Pampu huyachukua maji hayo na kuyarusha kupitia mikono yenye matundu, izungukayo kama panga boi, moja chini na mara nyingi mwingine juu. Maji yale yale hurudi chini, yakapita katika chujio, yakarushwa tena. Kisha pampu ya kumwagia huyasukuma nje mpaka bomba la sinki, na kazi huanza upya kwa maji mengine. Kila zamu ina njia yake ya maji, na kila njia ina pahali pake pa kuvujia. Ukiijua saa, umeshapunguza utafutaji kwa zaidi ya nusu.

Kabla ya hayo yote, liko la usalama. Ukikuta maji sakafuni karibu na plagi, usiingie ndani yake kwa miguu mitupu kwenda kuzima swichi ya pale pale. Zima stima katika swichi kubwa ya nyumba, halafu funga mfereji wa mashine. Ukishafunga, jirani ameshapona kwa usiku ule, na wewe waweza kutafuta ugonjwa kwa utulivu.

Ikiwa maji hutoka wakati wa kumwaga tu, tazama nyuma: mpira wa kutolea maji umepasuka, au kibanio chake chini ya sinki kimelegea. Ikiwa hutoka wakati wa kujaza, shuku mpira wa kuingizia maji na ile raba ndogo ya duara ikaayo katika kiungo cha mferejini. Raba hiyo ni ya bei ndogo kabisa dukani, na nimeona watu wakiita fundi kwa ajili yake.

Kuvuja wakati wa kuosha ndiko kwenye mambo mengi, na hapo ndipo mpira wa mlango hushtakiwa peke yake. Mara nyingine kweli ni wenyewe: umekauka, umepasuka, au umeshikwa na ugumu wa chokaa na mafuta. Upanguse kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu mpaka katika mikunjo ya chini, ambako punje za wali hupenda kujificha. Lakini mashine yenye mpira mzuri pia huvuja ikiwa imesimama kwa kuinama mbele. Weka pimamaji juu yake, kisha zungusha miguu yake mpaka ikae sawa. Huvuja vile vile ikiwa mkono wa chini umepasuka pale ulipoungwa, ukawa warusha mshale mmoja wa maji moja kwa moja mlangoni. Na hapa kwetu iko sababu nyingine, nayo ni sinia. Mashine hizi zilipimwa kwa sahani za watu wanaokula kila mmoja mbali. Sisi twatia sinia la biriani, tukalisimamisha mbele kwa kuwa halina pengine pa kukaa, na maji yote yanayolipiga huruka kuelekea mlangoni. Sinia lioshe kwa mkono. Halikuumbiwa humo.

Ama maji yatokayo katikati, chini ya tumbo la mashine, hayo ni ya pampu au ya mipira ya ndani. Huko pana nyaya za umeme, na hapo ndipo fundi anayeijua kazi yake hulipwa bila ya kunung'unikiwa. Ziko mashine nyingi, hasa za Ulaya, zenye sinia la bati chini kabisa na boya dogo ndani yake. Maji yakikusanyika humo, boya hupanda, mashine hukataa kuendelea, na pampu ya kumwagia hunguruma bila kukoma. Wako waiinamishao mashine maji yale yamwagike, ikaanza kazi tena, wakafurahi. Hawakuitibu. Wameinyamazisha.

Kuna njia mbili za kupeleleza zisizogharimu kitu. Ya kwanza ni gazeti. Tandaza karatasi kavu chini ya mashine, mbele, kando na nyuma, na utazame ipi yalowa kwanza, kwani maji hutembea, na pale yalipokusanyika sipo yalipotoka. Ya pili ni rangi ya biriani. Tia kidogo ndani ya mashine, uiwashe bila vyombo. Maji yakitoka na rangi, yametoka ndani ya mashine. Yakitoka meupe, yametoka mferejini kabla hayajaingia. Ami alisema katika meli walikuwa wakifanya hivyo, ila kwa rangi nyingine.

MAJI YA USIKU

Kwa mashine yetu ami hakuamuru kitu kifunguliwe. Alitaka ikaushwe kwa kitambaa ndani na nje, magazeti yatandazwe, mlango ufungwe, stima izimwe ukutani kama kawaida yao, lakini mfereji uachwe wazi. Beseni na matambara viwekwe mbele yake, wasije wakamlowesha bi mkubwa kwa jina la upelelezi. Kisha watu walale.

Alfajiri binamu yangu alikuta magazeti ya nyuma makavu kabisa. Ya mbele yalikuwa yamelowa. Alipoufungua mlango wa mashine, maji yalimrukia miguuni. Ile mashine iliyokaushwa kwa kitambaa ilikuwa imejaa maji safi, yasiyo na harufu ya sabuni, mpaka kizingiti cha mlango.

Ugonjwa ulikuwa katika valvu ya kuingizia maji. Valvu hiyo hufunguliwa kwa umeme, na umeme ukikatika hujifunga yenyewe. Lakini chembe ya mchanga au ya kutu ikikwama katika kinywa chake, haifungi sawasawa. Maji huendelea kupita kidogo kidogo, stima iwepo isiwepo. Boya la ndani haliwezi kusaidia, kwa sababu kazi yake ni kukata umeme, na umeme umeshakatwa. Pampu ya kumwagia nayo imezimwa ukutani. Basi maji hujaa mpaka yapate njia, na njia iliyo karibu ni chini ya mlango. Mpira mpya ungebadilishwa mara kumi.

Kwa nini usiku? Hili mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa sana. Maji ya Mzima, kutoka Tsavo Magharibi, yalifikishwa Mombasa kwa bomba mwaka 1957, na baadaye yakaongezewa mengine, yakiwemo ya Baricho kando ya mto Sabaki. Yote hayo hayautoshi mji. Maji huja kwa mgao, na mitaa mingi yaja watu wakiwa wamelala. Katika jumba lile, mchana jiko hulishwa na tangi la juu ya paa, na maji ya tangi yana nguvu ndogo: tangi likiwa mita kumi juu ya mfereji, nguvu yake ni kama bar moja tu. Maji ya mjini yakifika usiku, pampu ya jumba huwashwa, nguvu hupanda ghafla, na takataka zilizolala katika mabomba makavu husukumwa mbele. Chembe iliyonyamaza mchana kutwa huanza kazi yake saa nane za usiku. Shetani wa msichana wa kazi alikuwa mchanga.

Liko la kuuliza zaidi. Watengenezaji walijua kuwa maji hubeba mchanga, na kwa hivyo huweka wavu mdogo, kama kofia ya kidole, pale mpira wa maji unapoungana na valvu. Ami aliufungua mpira akachungulia kwa kurunzi. Wavu haukuwapo. Aliyeiunga mashine siku ya kwanza alikuwa ameutoa, maji ya tangi yapate kuingia upesi. Nimeuliza watu wengine tangu hapo, na yaelekea jambo hili si geni: mteja hulalamika kuwa mashine yachelewa kujaa, wavu hutolewa, mteja hufurahi, na maradhi hupandwa siku hiyo hiyo.

Valvu mpya ilitiwa, na wavu wake. Mfereji wa kufunga kwa mkono ukawekwa pahali mkono unapofika bila kuisogeza mashine. Dari ya bi mkubwa ilikaushwa na kupakwa rangi kwa gharama ya watu wa juu, kama ilivyo haki, na binamu yangu akashuka mwenyewe na sahani ya kaimati. Alikaa huko chini hata Isha.

Haya yote yanirudisha katika fikira moja juu ya mashine zenyewe. Aliyeifanya mashine ya vyombo ikawa kitu cha kufaa kweli ni mwanamke wa Marekani, Josephine Cochrane, wa mji wa Shelbyville katika jimbo la Illinois. Mjane kama yule bi mkubwa wetu, alipewa hati ya uvumbuzi mwezi wa Desemba mwaka 1886, na mwaka 1893 mashine zake zilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya Chicago. Wateja wake wa mwanzo walikuwa mahoteli. Kisha mashine ikaingia majumbani, katika nchi ambazo mtu hufungua mfereji akajua kuwa maji yatatoka, safi, kwa nguvu ile ile asubuhi na usiku. Sisi twaitia katika jiko ambalo leo lina maji ya Mzima, kesho ya lori, keshokutwa ya kisima. Si ajabu ikashangaa.

Maji ya kisima cha kisiwani ndiyo mabaya kwake kupita yote. Kisiwa chetu ni mwamba wa matumbawe, na maji yake yana chokaa, na visima vingi vina chumvi pia. Wako wanaosema, "Lakini mashine yetu ina tundu la chumvi, yalainisha maji." Ni kweli hulainisha, lakini kulainisha ni kuondoa chokaa, si kuondoa chumvi. Chumvi ya kisima hubaki pale pale, ikala vibanio vya mipira na hata bati lisiloshika kutu, mpaka likatoboka matundu membamba kama ya sindano. Maji hayo yafaa kwa udhu. Mashine haina fikihi. Na lile tundu lisitiwe chumvi ya mezani, ambayo imechanganywa na madini joto na dawa ya kuizuia isigandamane, wala ile chumvi ya mawe ya baharini yenye takataka zake. Lina chumvi yake safi, ya punje kubwa, na kifuniko chake kikazwe.

Sabuni nayo. Sabuni ya maji ya kuoshea kwa mkono haifai humo hata kijiko kimoja. Hutoa povu, povu hujaa, na povu hupita pasipopita maji; utaliona likitambaa chini ya mlango kama mawimbi ya kusi. Likikutokea, zima, ondoa povu kwa kikombe, mwaga siki kidogo ndani, uiendeshe kwa maji baridi matupu mpaka lishe. Hata hilo nimesikia likihesabiwa kuwa ni mpira wa mlango.

Na pilau zetu. Chujio la mashine halikutarajia iliki, kijiti cha mdalasini, karafuu, mwiba wa changu na kokwa ya tende. Vyombo vikung'utwe kwanza, na chujio litolewe lisafishwe kwa mkono kila siku mbili tatu, na kila usiku katika Ramadhani. Likiziba, maji hurushwa bila mpango, hubaki tumboni, na harufu yake hujulisha nyumba nzima kilicholiwa juzi.

Pamoja na hayo siwaambii watu wazitupe. Mashine nzuri, ikiwa nzima na ikijazwa sawasawa, hutumia kiasi cha lita kumi hadi kumi na tano kwa vyombo vya mlo mzima, ilhali mfereji ulioachwa wazi huku mtu akisugua humaliza kiasi hicho kwa dakika chache. Katika mji ambao maji hununuliwa kwa mtungi kutoka kwenye mkokoteni, hiyo si hesabu ya kudharau, na Mtume wetu alikataza israfu ya maji hata kwa anayetawadha kando ya mto. Lakini tone moja kila sekunde hujaza mtungi wa lita 20 kwa muda wa siku chache, na mtungi huo huwa umewekwa nyumbani kwa mwenzako.

Anayesafiri basi, awe aenda Umra au harusini Lamu, na aufunge mfereji wa mashine kwa mkono, asitosheke kuzima swichi ukutani. Mlango wa mashine auache na mwanya wa vidole viwili, ndani kukauke na mpira usishikane. Akirudi, akute maji ya mjini yamekatika na kurudi mara kadhaa, afungue kwanza mfereji wa sinki uteme kutu yake mpaka maji yaeupe, halafu ndipo aufungue ule wa mashine.